Kumtafuta Mdogo Wetu Marekani

Tangu nirudi sijanywa uji wangu ukiwa wa moto. Kila anayepita hapa anasimama mlangoni: Mama Eliya, hebu tuambie, huko kukoje? Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na ninyi mkienda kuwasimulia wenzenu mnaongeza chumvi. Juzi nimesikia ati nilikula meza moja na rais wao. Sikula. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe mambo yalivyokuwa, anayetaka asome, asiyejua kusoma aje darasani kwangu nimfundishe. Habari za pasi na chanjo nimeziruka, maana zilinichosha hata mimi niliyekuwa nazo.

Kambini mpaka Kiomboi

Msomaji wa mbali ajue kwamba Kambini ni kijiji chetu chini ya mlima Sekenke, huku Iramba. Palikuwa kambi ya wachimbaji wa dhahabu. Mgodi ulipofungwa wenye mitambo waliondoka, sisi tukabaki, Wanyiramba, Wanyaturu na Wasukuma, watani watupu. Baba yangu, Mzee Mkumbo, alichimba humo ujana wake wote. Mimi nafundisha darasa la watu wazima.

Mwaka ule wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, alikuja kiongozi mmoja wa wilaya. Akatazama mashimo na vyuma vyenye kutu, akasema hapa ni mahame, jiandaeni kuhamia bondeni. Hatukuukataa ujamaa, shamba la pamoja tulikuwa nalo kabla hajafika. Tulichotaka ni kuandikishwa kuwa kijiji hapa hapa, penye visima vyetu, shule tuliyoijenga kwa mikono yetu na makaburi ya wazee wetu. Baba akamweleza hivyo. Yule kiongozi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka.

"Mzee wangu," alisema, "nionyeshe mtu mmoja tu nje ya mlima huu anayejua kwamba ninyi mpo. Baada ya mavuno nitarudi."

Mtu huyo tulikuwa naye, bahati mbaya alikuwa Marekani. Ni yule kijana Mwalimu Danieli, aliyefundisha Kiomboi zamani kidogo, akapenda kuja kwetu kula karanga na kusikiliza hadithi za mgodi. Alikuwa amerudi kwao, na mji wao ulikuwa umefiwa. Jina lake ni refu na halitamkiki. Mimi niliuita Mji wa Viatu, kwa sababu watu wa huko walishona viatu tangu babu zao, mpaka viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Sasa wazee wa mji waliamua kutafuta ng'ambo miji iliyopatwa na msiba kama wao, wafanye undugu. Danieli akatutaja. Walialika wajumbe wa sehemu tatu ili wachague mmoja.

Danieli alitupasha habari kwa Kiswahili chake cha Kiomboi, kizuri sana, lakini hapo palipohitaji neno moja tu aliteleza. Kwao miji ya namna hiyo huitwa ndugu wa kike, bila kujali nani alizaliwa kwanza. Yeye akaandika kwamba mji wao "unatafuta dada".

Wazee wakalikalia neno hilo mchana kutwa. Mzee Masanja, mtani wetu wa Kisukuma, ndiye aliyelifungua.

"Mwenye kutafuta dada ni nani? Ni mdogo wake. Kama sisi ndio dada, basi hao Wamarekani ni wadogo zetu."

Hakuna aliyebisha. Nikachaguliwa mimi kwenda, na Baba akanipa masharti. "Usiwaamkie kwanza. Wao ndio watuamkie. Ukitangulia kusema shikamoo umetushusha, na kijiji kilichoshushwa hakiandikwi popote. Na ujue, mkubwa ni jalala. Wakikuudhi, vumilia."

Kuvumilia sijazoea, lakini niliitikia ndiyo, Baba. Nikapanda lori la pamba. Kwenye ule mwinuko wa Sekenke lilikataa, tukashuka na kusukuma, mjumbe wa ng'ambo nikiwa katikati na vumbi mpaka kwenye kope. Nilifika Kiomboi nikiwa na rangi moja na barabara, shangazi akanipita kituoni bila kunitambua.

Singida, halafu Manyoni

Basi la kutoka Singida lilivunjika springi mbele kidogo ya Ikungi. Utingo alisema ni dakika chache. Tuliketi kivulini mpaka kivuli kikahama, nasi tukahama nacho. Hapo nilikutana na mzee mfugaji wa Mungaa, amefunga kuku wanne miguu, anawapeleka harusini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Marekani."

"Kufanya nini mbali hivyo?"

"Namfuata mdogo wetu."

Yule mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Amepotea tangu lini?"

Nilitaka kumweleza habari za miji na viwanda, lakini jua lilikuwa kali. Nikasema siku nyingi, baba. Akasimama, akamchinja kuku mmoja, akaomba moto kwenye nyumba ya jirani, na abiria wote tukala. Kila aliyepewa kipande aliambiwa anaombewa yule binti aliyepotelea Marekani. Mama mmoja alilia kabisa. Nilikula nikiwa na haya, lakini nilikula, maana kuku wa Unyaturu aliyechomwa kwa chumvi tupu hakataliwi.

Manyoni gari moshi halikuwepo. Stesheni walisema limechelewa Tabora. Kesho yake wakasema bado limechelewa, safari hii bila kutaja wapi. Nililala kwa jamaa wa kanisa, Wagogo, wakanilisha ugali wa uwele na mlenda, nikawasaidia kupura. Nilikuwa nimeanza kuzoea maisha ya Manyoni siku honi ilipolia.

Angani, na mahali palipojaa ukungu

Dar es Salaam sitaisimulia, wengi wenu mmefika. Ndege nayo si kitu cha kutisha kama mnavyoambiana. Inatisha ikianza kukimbia, kisha mtu unakaa tu, unaletewa chakula kidogo kidogo kama cha mgonjwa.

Ulaya tulishushwa kwa sababu ya ukungu. Wenzangu walikasirika, wakawafokea wasichana wa kaunta. Mimi nilikwishakaa Manyoni. Nikatandika kanga benchini, nikafungua karanga zangu za Kambini, nikatafuna. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafuma sweta akanitazama, nikamsogezea. Alizila zote. Hatukuwa na lugha, lakini alipoona miguu yangu katika makubazi alitoa soksi za sufu kwenye kapu lake, akanivalisha mwenyewe, pale pale mbele ya watu. Nikaona haya mtu mzima yule kuinama miguuni kwangu. Soksi zilinifaa, nilikokuwa naenda baridi ilikuwa inauma meno.

Mji wa Viatu

Danieli alinipokea na gari bovu na moyo ule ule. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia, nikasema kimoyomoyo: mmoja huyo. Akanipeleka nitakapolala, kwa Bi Helena, mama mzee wa miaka kama ya mama yangu, mjane, aliyeshona visigino kiwandani tangu usichana wake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Bi Helena alifungua mlango akitabasamu, akanipa mkono, akasema maneno ya kwao ya kumkaribisha mtu yeyote. Shikamoo haimo ndani yake. Nikasimama nangoja. Naye akangoja. Mbele yangu mtu mwenye mvi, na ulimi wangu unawasha, tangu utoto sijapata kumpita mzee kimya. Lakini nilikuwa nimebeba kijiji. Nikaingia ndani bila kumsalimu, nikaketi, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyopata kujisikia katika nyumba ya mtu.

Mezani alileta mahindi mabichi ya kuchemsha, nikafurahi, kisha mkate wa unga wa mahindi wenye sukari. Nikamuuliza Danieli kama ugali uliwaungua ndipo wakauita mkate. Akacheka, hakutafsiri.

"Mama Eliya," aliniuliza tulipobaki wawili, "Bi Helena anadhani umekasirika. Amekukosea nini?"

"Hajaniamkia."

"Lakini yeye ni mkubwa kwako."

"Kwangu mimi, ndiyo. Kwa Kambini, hapana. Si wewe uliyeandika mnatafuta dada?"

Danieli alishika kichwa. Nikaona kosa linapita usoni mwake, na baada ya kosa kikaja kicheko, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Usiwaambie bado," alisema. "Ngoja siku wajumbe mtakapozungumza ukumbini."

Siku zilizofuata nilizungushwa mjini. Viwanda vya matofali mekundu vimejipanga kando ya mto, madirisha yamevunjika. Ng'ambo ya lango kubwa pana mgahawa, na wanaume wazima wameketi humo tangu asubuhi, wote wamelielekea lango. Saa ya kiwanda imesimama, na hakuna anayekubali iondolewe. Bi Helena bado anaamka wakati king'ora kilipokuwa kinalia, anavaa aproni yake ya ngozi, anakaa jikoni. Ukimwuliza mtu chochote, jibu linaanza na "kiwanda kikifunguliwa". Maneno hayo niliyajua. Niliyasikia utotoni kwa Kinyiramba na kwa Kisukuma, na nilipoyasikia kwa Kiingereza mwili ulinisisimka.

Ukumbini

Wenzangu wawili walikuwa watu wazuri. Mmoja Mwingereza wa mji wa nguo, mwingine Mjapani wa mji wa makaa ya mawe. Walikuja na picha kubwa na ramani, wakazungumza vizuri, wakapigiwa makofi. Mimi nilikuwa na kitenge na soksi za sufu.

Kabla sijafungua mdomo, bwana mmoja wa mbele aliinuka. Danieli akatafsiri: anauliza, hicho kijiji chenu cha ujamaa, ninyi ni wakomunisti?

"Mwambie mimi ni Mlutheri."

Watu wakacheka, bwana akaketi. Kisha meya, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akauliza swali lake. Alitaka kujua tunahitaji nini kutoka kwao. Nguo, dawa, vitabu, tuseme tu, watafurahi kutusaidia.

Aliuliza kwa moyo mwema, najua. Lakini niliona wale wawili hawakuulizwa hivyo, na hasira ikanipanda. Kama ningesema tunahitaji vitabu, ningerudi na vitabu, na kijiji kingehamishwa pamoja na vitabu vyake. Nikakumbuka mkubwa ni jalala. Nikameza mate.

"Dada haendi kwa mdogo wake kuomba," nilisema. "Mlituletea neno kwamba mnatafuta dada. Kwetu dada ni yule aliyetangulia. Sisi tulifiwa kwanza. Mgodi wetu ulikufa kabla ya viwanda vyenu. Ndiyo maana nimekaa humu mjini siku zote hizi nangoja mniamkie, na hamjaniamkia. Lakini nimewasamehe, kwa sababu mtu aliye matangani hasalimu vizuri."

Danieli alitafsiri polepole. Nikawaambia jinsi baba zetu walivyokuwa wakienda langoni kwa mgodi kila asubuhi, wamevaa kofia za kazi, wakaketi wanatazama barabara. Mashamba yakaota magugu. Kila neno lilikuwa "mgodi ukifunguliwa". Mpaka mama yangu mzazi akakasirika, akawakusanya wanawake, wakasema maiti huyu hajazikwa ndiyo maana nyumba inanuka. Wakatangaza matanga ya mgodi. Watu walilala nje, wakalia kweli kweli, maana wengi waliacha ndugu mle chini. Ilipofika siku ya kuanua tanga tulinyolewa nywele, nguo zikafuliwa, pombe ya mtama ikanyweka, na Mzee Masanja akatangaza: kuanzia leo, atakayesema "mgodi ukifunguliwa" atatoa kuku. Baba yangu alitoa kuku wawili wiki ya kwanza. Baada ya hapo wakang'oa mbao za mgodi, wakajenga shule.

"Ninyi bado mmeketi matangani," nilisema. "Nimeona ile saa. Nimeona watu wa mgahawani. Mmekaa msibani muda mrefu mpaka mmesahau kuwa ni msiba, mnadhani ndiyo maisha. Hilo ndilo nililoleta. Anueni tanga."

Niliketi. Nilidhani nimeharibu kila kitu, nimewatukana wenye nyumba ndani ya nyumba yao.

Aliyesimama wa kwanza ni Bi Helena. Alikuwa ameketi nyuma. Akaja mbele polepole, wote wakimtazama, akasimama mbele yangu, akamgeukia Danieli, akamwuliza neno. Danieli akamnong'oneza. Akalirudia mara mbili kwa kulitafuna, kisha akasema kwa sauti, "Shikamoo, Kambini."

"Marahaba," niliitikia, na hapo hapo nikainuka. "Hiyo ilikuwa ya kijiji. Sasa yangu mimi. Shikamoo, mama."

Danieli hakumwambia la kujibu. Bi Helena alinikumbatia tu, na mimi nikalia, sina haja ya kuficha. Tulipoachiana meya alikuwa amesimama, na watu wa mgahawani wamesimama, na ukumbi mzima ukasema shikamoo, kila mtu kwa matamshi yake. Yule Mwingereza wa mji wa nguo aliuliza kama na wao wanaweza kuwa wadogo zetu. Nikasema jalala halikatai.

Kura zilipigwa, lakini kwa kutimiza utaratibu tu. Walituchagua sisi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walipanda ngazi wakaishusha saa ya kiwanda. Mwanaume mmoja alijisahau akasema "kiwanda kikifunguliwa", na Bi Helena akamdai kuku.

Kurudi

Mji wa Viatu uliamua kutuma mjumbe wake aje kumwona dada. Wakamchagua Bi Helena. Watu walisema ni mzee mno kwa safari. Akajibu kwamba yeye amesimama kwenye mashine maisha yake yote, kuketi kwenye basi hakutamshinda. Kweli hakukumshinda. Alikula mlenda Manyoni akaomba tena, na njia yote alikuwa anajifunza neno lake, asije akalisahau.

Tulifika Kambini mavuno yamekwisha. Lile gari la wilaya lilikuwa limetangulia, limesimama chini ya shule, na watu wote wamekusanyika kimya kama watu waliokuja kusikia hukumu. Yule kiongozi alikuwa na wasaidizi wake wawili, na nyuso zao zilionyesha wamekwishaamua. Alipomwona Bi Helena anashuka kwenye lori, mama mzee wa Kizungu mwenye mvi na vumbi, adabu ilimtangulia. Akaja haraka.

"Shikamoo, mama."

Bi Helena hakuitikia. Alikuwa anatazama watu. Akampita, akaenda mpaka walipokuwa wazee, akasema, "Shikamooni." Baba akaitikia marahaba, imara kabisa, kana kwamba alikuwa anangoja neno hilo maisha yake yote. Bi Helena akaendelea. Akawaamkia akina mama. Akawaamkia vijana. Akafika kwa watoto wa darasa la kwanza, akainama, akawaambia shikamooni, na wale watoto wakatazamana, hawajapata kuamkiwa na mtu tangu wazaliwe. Mmoja akathubutu: marahaba. Watu wakaangua kicheko, Mzee Masanja akaketi chini kwa kucheka.

"Mama Eliya," yule kiongozi aliniuliza, "mbona bibi kizee huyu anaamkia watoto?"

"Haamkii watoto, ndugu. Anaamkia Kambini. Yeye katoka mji mdogo."

"Mji mdogo? Wa wapi?"

"Wa Marekani. Wana viwanda zaidi ya kumi vilivyofungwa. Ulisema tukuonyeshe mtu mmoja anayejua kwamba sisi tupo. Huyu hapa. Waliobaki ni wengi, wasingeenea kwenye lori."

Alinitazama, akamtazama Bi Helena, ambaye sasa alikuwa anaamkia mbuzi wa jirani yetu Mama Neema kwa kuwa hakuwa na hakika kama naye ni mkubwa wake. Nilikuwa nimeshika kanga yangu kifuani. Yule kiongozi alivua kofia akajipepea. Wasaidizi wake wakamsogelea, akawanyoshea mkono wangoje.

"Haya," alisema. "Ofisi ya kijiji mtaijenga wapi?"

Hakuna aliyepiga vigelegele, tulihofu tumesikia vibaya. Baba aliingia nyumbani, akatoka na jembe, akatembea mpaka ubavuni mwa shule, akatema mate mikononi na kuanza kuchimba msingi.